Kuganda Maana Yake Nini?

Leo tutasoma habari za Erasto Mpemba, Mtanzania aliyeuliza swali dogo likawashughulisha wataalamu wa dunia.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kungoja yapoe, kisha kuyaweka ndani ya friji. Siku moja Mpemba aliona nafasi inakwisha, akayaweka maziwa yake yangali moto. Mwenzake aliweka maziwa yasiyochemshwa. Baada ya saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado.

Alimwuliza mwalimu sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Lakini hakuliacha swali lake. Baadaye, alipokuwa akisoma Mkwawa, Iringa, alifika mgeni, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akamwuliza mbele ya watu. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, aliporudi Dar es Salaam jambo lile lilijaribiwa. Mwaka 1969 maandishi yao wawili yalichapishwa, na hata leo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba.

Je, ubishi ulikwisha? La. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima muda wa maji kupoa mpaka digrii 0. Hawakuona maji ya moto yakitangulia. Lakini Osborne alipima muda mpaka maji yaanze kuganda. Vipimo hivi si kimoja, maana maji yaweza kupoa chini ya digrii 0 yasigande mara moja.

Ninyi warina asali mnalifahamu jambo hili. Mmoja akiona chenga chini ya debe husema, "Asali imeganda." Mwingine hungoja mpaka debe zima liwe gumu. Wote wawili wana macho mazuri. Neno ndilo hawajapatana. Basi katika fizikia, kabla ya kushindana, tukubaliane kwanza: tunapima nini, tangu lini, mpaka lini?

Zoezi: Mtu akisema, "Uji wangu umepoa," ana maana gani? Jadilianeni, kisha andikeni jibu moja mtakalokubaliana.