Carnivore: Nyama choma kando ya Barabara ya Lang'ata

Mkahawa wa Carnivore ulifunguliwa mwaka 1980 kando ya Barabara ya Lang'ata, katika njia ya kwendea Karen. Nyama ilichomwa juu ya makaa kwa mishikaki mithili ya panga za Kimaasai, na wahudumu wakaikata mezani hadi wageni waliposhusha bendera ndogo, ishara ya kusalimu amri. Nyama ya pundamilia ilitoweka baada ya serikali kupiga marufuku uuzaji wa nyamapori. Wakabaki mamba na mbuni wa kufugwa.

Kundi la marafiki lianze na bei. Katika mikahawa ya namna hii malipo ni kwa kichwa, hivyo mla kidogo humlipia mlafi. Asiyekula nyama heri aagize chakula chake mbali, tena mapema.