Deni la mhitimu ni lile lile, kilichopanda ni mzigo wa nyumbani

Chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Babati kwetu, ambayo sasa iko mkoani Manyara, wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, na kumpata kijana wa Nangara, mojawapo ya kata zake, aliyefika chuoni hapo ingekuwa habari ya kata nzima. Lakini kama angefika, muongo ule wa kwanza wa uhuru haukwisha kabla serikali haijajitwika ada yake, chakula chake, malazi yake na hata nauli ya kwenda na kurudi. Leo mzazi wa Nangara ana Bodi ya Mikopo, ana kampasi ya Chuo cha Uhasibu Arusha hapo hapo mjini, na tangu 2018 ana kilomita 251 za lami mpaka Dodoma. Bado kumpeleka mtoto chuo cha umma kunamkosesha usingizi. Tumezoea kueleza kwamba zamani elimu ilikuwa bure na sasa inalipiwa. Maelezo hayo hayasimami, maana shahada ya chuo kikuu Tanzania haijawahi kuwa bure kwa aliyeipata. Mhitimu amelipa siku zote, na nitaonyesha kwamba amelipa kiasi kinachokaribiana. Aliyeongezwa kwenye orodha ya walipaji ni mzazi, naye analipa mapema, wala hakuna ofisi inayoandika alicholipa.

Ushahidi wa kwanza ni wa Oktoba 22, 1966. Siku hiyo wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu, Dar es Salaam, kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kuwa la lazima kwa wasomi. Sharti lilikuwa la miaka miwili: miezi mitano au sita kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20 na kuwarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Kisa hiki husimuliwa kama somo la uzalendo, na ni sawa kisimuliwe hivyo, ila ndani yake mna bei. Asilimia 60 ya mshahara kwa miezi 18 ni karibu mishahara 11 mizima. Ukijumlisha na miezi ya kambini, ambako posho haikuwa mshahara, unafika kwenye mishahara 16 hivi. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya shahada, na ilidaiwa baada ya masomo, kwa mtu ambaye ajira yake ilikuwa inamsubiri.

Mfumo ule ulichoka katika miaka ya 1980, uchumi ulipodorora na wahisani wakaitaka serikali ibane matumizi. Sera ya kuchangia gharama ilitangazwa 1988. Mlimani, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pakachafuka, na mwaka 1990 Rais Mwinyi akakifunga chuo. Utekelezaji ulianza 1992, tena kwa hatua, na mpangilio wa hatua hizo unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko sera yenyewe. Hatua ya kwanza ilionekana ndogo: nauli, ada ya maombi, usajili, michango ya chama cha wanafunzi, fedha ya tahadhari. Hatua ya pili ikafika kwenye chakula na malazi, na hapo ndipo mkopo wa wizara ulipoingia ili kuziba pengo. Ya tatu ikagusa ada yenyewe. Yaani vitu vidogo vidogo ndivyo vilivyotolewa mwanzo mikononi mwa serikali, kabla mkopo haujabuniwa, na kwa sehemu kubwa ndivyo ambavyo mpaka leo mkopo hauvigusi. Sheria Namba 9 ya 2004 ilipounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ikaanza kazi Julai 2005 na kupewa pia jukumu la kudai mikopo yote iliyotolewa tangu Julai 1994, haikurudi kuangalia kile kilichoachwa nje mwaka 1992. Mgomo wa 2007 wa kupinga utaratibu wa Bodi kulipa asilimia 60 na mwanafunzi 40 uliishia kwenye mabishano ya asilimia. Vidogo vidogo vikasahaulika tena.

Sasa tumpime mhitimu wa leo kwa kipimo kile kile cha 1966. Ada ya kozi nyingi za vyuo vya umma iko kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu hivi kwa mwaka. Fedha ya chakula na malazi, iliyopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, ni milioni 2.4 kwa siku 240. Weka vitabu na viandikwa, tuseme jumla ni milioni nne kwa mwaka na milioni 12 kwa miaka mitatu, kwa yule aliyebahatika kupata mkopo kamili. Akiajiriwa kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, makato ya asilimia 15 ni 120,000 kwa mwezi, na deni litaisha baada ya miezi 100, yaani miaka minane na ushei. Milioni 12 ni mishahara yake 15. Babu yake wa 1966 alidaiwa kama 16. Asilimia hiyo ilipandishwa kutoka 8 mwaka 2016, hata kwa waliokuwa wamekopa kwa masharti ya zamani, na kelele zilizopigwa zilikuwa halali. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo ilikuwa mbaya zaidi: asilimia 6 kwa mwaka ya milioni 12 ni 720,000, nusu kamili ya makato ya mwaka wa kwanza. Rais Samia aliiondoa 2021. Kwa hiyo upande wa mhitimu mambo yamerudi karibu na yalipokuwa, isipokuwa ajira haimsubiri tena.

Upande wa nyumbani hesabu inaanza kabla ya shilingi ya kwanza ya mkopo. Ada ya kuomba mkopo ni 30,000. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Fomu zichapwe steshenari, zipelekwe ofisi ya mtaa zigongwe muhuri, mdhamini asaini na kutoa nakala ya kitambulisho, kamishna wa viapo naye agonge wake, kisha kurasa zenye saini ziskaniwe na kurudishwa mtandaoni. Hakuna hata kimoja hapo kilicho ghali peke yake. Akichaguliwa, kuna 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na 50,400 ya bima ya afya, kila mwaka. Kuna nauli, godoro, simu au kompyuta mpakato, bando. Na kuna chumba. Anayekosa hosteli hupanga mtaani, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati bumu, kama wanavyoliita wanafunzi, huja kwa vipande vya takriban siku 60, shilingi 600,000, baada ya kusajiliwa na kusaini. Fedha hiyo hiyo ndiyo ya kula. Anayeziba tofauti ya kalenda hizo mbili ni mzazi, na hakuna mahali inapoandikwa kwamba alimkopesha mwanawe, au kwa kweli, kwamba aliikopesha serikali.

Kwa Babati, kalenda ndiyo kiini cha shida. Mbaazi, zao la biashara la wakulima wengi huku, huvunwa Agosti na Septemba, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Fedha ya mbaazi inapaswa kumtosha mwanafunzi mpya. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa kiasi kinachoingia nchini kwake, bei ikaporomoka, magunia yakabaki stoo. Mzazi aliyekuwa na uwezo mwezi Juni hakuwa nao Septemba, ilhali ekari zake zilikuwa zile zile na karatasi zake zile zile. Fomu ya mkopo inauliza kuhusu uyatima, ulemavu, msaada wa TASAF kwa kaya maskini, aliyelipia sekondari. Ni maswali ya haki, lakini bei ya zao haimo. Akikosa, au akipangiwa sehemu tu ya mkopo, mzazi anabaki na kikoba au mikopo ya kausha damu, ambayo riba yake haina Rais wa kuifuta.

Atajibu mtu kwamba bure ya zamani ilikuwa ya wachache, na kwamba bila mikopo tusingekuwa na wanafunzi zaidi ya 200,000 wanaonufaika. Ni kweli tupu. Bajeti ya mikopo ilikuwa karibu bilioni 56 mwaka 2005/06. Mwaka 2022/23 ilikuwa bilioni 654. Sidai turudi 1966, na mkulima asiye na mtoto chuoni hapaswi kumlipia daktari mtarajiwa kila kitu. Ila hoja hiyo inajibu swali la nani alipe shahada, yaani mhitimu, ambaye tumeona analipa. Haijibu kwa nini kaya ilipe fungu lisilo na jina. Wengine husema mzazi kuchangia ni wajibu, na wanafunzi wenyewe bumu wanalimalizia kwenye simu na starehe. Wapo wanaofanya hivyo, lakini hata mwanafunzi mwenye nidhamu ya mtawa hawezi kulipa kodi ya miezi sita kwa fedha ya miezi miwili. Kuhusu wajibu, mchango ambao mtu haambiwi kiasi chake mapema hauwezi kupangiwa bajeti. Hoja yenye uzito zaidi ni ya vyuo vya karibu: anayesoma kampasi ya Babati analala kwao, anakula kwao. Huyo kweli anaokoa kodi na nauli, na kozi za biashara anazipata. Anayetaka udaktari au uhandisi bado atapanda basi.

Kenya wamejaribu njia nyingine. Mfumo uliotangazwa Mei 2023 ulikuja kuwagawa wanafunzi katika madaraja matano na kuandika waziwazi fungu la kaya: asilimia 5 kwa daraja la wahitaji zaidi, asilimia 40 kwa daraja la juu, nyingine zikiwa ufadhili na mkopo. Ulizua maandamano na kesi mahakamani, kwa sababu familia nyingi zilijikuta kwenye daraja lisilo lao. Sipendekezi tuuige mzima mzima. Lakini mzazi wa kule alipata namba ya kuipinga, na wa Nangara hana.

Wabunge wa Manyara watakapochangia bajeti ya Wizara ya Elimu, wasiridhike na kutajiwa mabilioni yaliyotengwa. Waulize mtoto wa mkulima wa mbaazi anabakiwa na kiasi gani cha kulipa baada ya mkopo kutoka, na katika mwezi gani. Bodi inajua imempangia nani kiasi gani, na vyuo vina orodha za ada, michango na vyumba. Ni kazi ya kutoa na kujumlisha. Majibu yabandikwe kwenye ofisi za mitaa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, wakati mbaazi bado ziko shambani.