MCHEKESHAJI ALIYERUDISHA LUGHA YA WATU WAKE

Mwalimu wa darasa na aandike jina hili ubaoni: Michael Hui. Lisomeni pamoja.

Leo tutazungumza habari za mchekeshaji wa Hong Kong. Hong Kong ni mji wa bandari kusini ya China. Waingereza waliutawala mpaka mwaka 1997. Wakazi wake wengi ni Wachina wasemao Kikantoni. Lugha kubwa ya China nzima ni Kimandarini. Mtu ajuaye moja tu hawezi kufahamu mazungumzo ya lugha ya pili.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Zamani Hong Kong ilitengeneza senema nyingi za Kikantoni, lakini kwa fedha kidogo na kwa haraka. Makampuni makubwa yalitengeneza za Kimandarini kwa fedha nyingi, yapate kuziuza kwa Wachina wa nchi mbalimbali. Basi zile za Kikantoni zikapungua. Mwaka 1972 haikutoka hata moja. Mwenyeji wa mji aliingia katika jumba la senema, akasikia lugha isiyokuwa ya nyumbani kwake.

Hui alizaliwa mwaka 1942 katika jimbo la Guangdong, akaletwa Hong Kong angali mtoto. Alisoma chuo kikuu, akafundisha shule. Mwaka 1971 yeye na mdogo wake, Sam, walianza kuchekesha watu katika televisheni, kwa Kikantoni. Watu wakawapenda sana. Mwaka 1972 Hui alicheza senema yake ya kwanza, The Warlord. Hiyo ilikuwa ya Kimandarini.

Mwaka 1973 mtengenezaji mwingine, Chor Yuen, alitoa senema ya Kikantoni, nayo ikapata watazamaji wengi. Mlango ukafunguka. Mwaka 1974 Hui alitoa Games Gamblers Play. Aliiandika mwenyewe, akaiongoza mwenyewe, akacheza mwenyewe pamoja na Sam. Ilihusu wacheza kamari wenye hila. Mwaka ule hakuna senema iliyopata fedha nyingi kuliko hiyo katika Hong Kong.

Kwa nini watu walijaa? Kwa sababu waliowaona ni watu wanaowajua. Katika The Private Eyes, ya mwaka 1976, kuna mpelelezi bahili anayewapunja wafanyakazi wake. Katika Security Unlimited, ya mwaka 1981, kuna walinzi wa mali. Katika Chicken and Duck Talk, ya mwaka 1988, mwenye duka la bata wa kuchoma anashindana na duka jipya la kuku. Wote husema maneno ya sokoni na ya kazini, na mzaha wa namna hiyo hautafsiriki kwa urahisi.

Mwaka 1982 Hui alipewa tuzo ya mchezaji bora. Wakati huo senema nyingi za Hong Kong zilikuwa zimekwisha rudi katika Kikantoni. Mwaka 2024, akiwa mzee, alicheza katika The Last Dance, habari za kasisi wa mazishi. Safari hii hakuchekesha.

Hui hakuwa peke yake katika kazi hii. Lakini alionyesha kwamba lugha ya kugombania kodi ya nyumba yafaa pia kwa kazi kubwa.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini makampuni makubwa yalipendelea Kimandarini?
2. Hui alifanya kazi gani tatu katika senema ya mwaka 1974?
3. Andika sentensi mbili juu ya mtu wa mtaani kwenu anayefaa kuchezwa katika senema.