Bodi Iliyozaliwa kwenye Kalibu ya Boti

Karibu mwaka 1950, katika jimbo la California, mtengenezaji wa boti aitwaye Bill Tritt aliombwa kazi isiyokuwa yake. Ofisa mmoja wa jeshi alikuwa na chesisi ya Jeep, akataka kuivika bodi ya gari la michezo. Tritt hakuwa fundi bati. Alichokijua ni boti: kutandaza nyuzi za kioo, kuzilowesha kwa resini, kusubiri zigande. Akalifanyia gari vilevile. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Glasspar G2, bodi iliyouzwa kwa watu waliojiundia magari nyumbani. Mwaka 1953 Chevrolet nayo ikatoa Corvette, bodi nzima ikiwa ya faiba hiyo ya kioo. Mwaka huo yaliundwa magari 300 tu.

Bodi za kaboni zilifuata nyayo hizo, lakini historia yake husimuliwa zaidi kuanzia maabara, na hivyo nusu yake huachwa. Uzi wenyewe ulitoka kwa wanasayansi, ndiyo. Lakini namna ya kuufinyanga uwe boneti, mlango au bampa iligunduliwa na watu wa boti na wajenzi wa magari katika magereji ya nyuma ya nyumba.

Huko Uingereza, bodi ya gari la mbio ilikuwa kazi ya nyundo. Fundi aligonga bati la alumini juu ya mfuko wa mchanga, akalipitisha kwenye magurudumu ya chuma mpaka lipate mviringo. Ufundi huo huchukua miaka kujifunza, na wenye nao walikuwa ghali. Vijana wasio na fedha walikuwa na Austin 7, gari dogo la bei nafuu ambalo wapenzi wake waliunda 750 Motor Club mwaka 1939. Baada ya vita walivua bodi zilizochakaa, wakabaki na chesisi, wakajenga upya. Colin Chapman aliunda gari lake la kwanza hivyo, mwaka 1948. Mwaka 1957 kampuni yake, Lotus, ilionyesha Elite, gari ambalo faiba haikuwa vazi tu: ndiyo iliyobeba mzigo mahali pa chesisi.

Siri ya kazi hii imo kwenye kalibu. Kwanza huchongwa kielelezo cha kipande kinachotakiwa, kwa mbao au povu gumu, kikapakwa puti na kupigwa msasa hadi king'ae. Hupakwa nta, kisha juu yake hutandazwa faiba. Ikiganda na kubanduliwa, hiyo ndiyo kalibu. Ndani ya kalibu, iliyopakwa nta nayo, ndipo kipande chenyewe hulazwa. Kosa lolote la msasa huonekana kwenye kila boneti itakayotoka humo, kwa hiyo siku nyingi huishia kwenye kielelezo, na saa chache tu kwenye kipande. Tritt angeitambua kazi ya leo bila kuelezwa. Kilichobadilika ni kitambaa: kaboni badala ya kioo.

Kitambaa hicho kina historia yake. Mwaka 1958 Roger Bacon wa kampuni ya Union Carbide, jimbo la Ohio, alitengeneza nyuzi nyembamba za kaboni zenye nguvu ya ajabu. Akio Shindo wa Japani akapata njia nafuu zaidi, na katika miaka ya 1960 watafiti wa Farnborough, Uingereza, wakaipeleka mbele. Rolls-Royce ilijaribu kaboni kwenye mapanga ya injini ya ndege ya RB211, lakini hayakustahimili kugongwa na ndege wa angani. Februari 1971 kampuni hiyo ilifilisika, gharama za injini hiyo zikiwa sababu kubwa.

Kwenye mbio, kaboni iliingia kimyakimya. Ford GT40 za timu ya John Wyer zilivaa mwaka 1968 bodi ya faiba nyembamba iliyotiwa nguvu kwa nyuzi za kaboni. Moja kati yake, namba P/1075, ilishinda mbio za Le Mans mwaka huo na tena 1969, safari hii ikimwacha mpinzani kwa mita 120 hivi baada ya saa 24.

Mwaka 1981 John Barnard wa McLaren aliunda gari la mbio MP4/1, kiunzi chake kikiwa cha kaboni, kilichotengenezwa na kampuni ya Hercules ya Utah, iliyozoea injini za roketi. Wengi waliogopa kwamba kingevunjika kama kioo. Kwenye mbio za Monza dereva wake John Watson alipata ajali, gari likakatika na injini kung'oka. Akatoka kwa miguu yake.

Viwandani kaboni huokwa kwenye tanuri la shinikizo, ambalo mjenzi wa nyumbani hana. Hana budi kulowesha kitambaa kwa epoksi, kukifunika kwa plastiki na kunyonya hewa kwa pampu. Inatosha kwa boneti. Kiunzi kinachomlinda dereva si cha kujaribia gerejini. Tena, kaboni ikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa, kwa hiyo viungo vitengwe kwa faiba. Na ukifika wakati wa kukata na kupiga msasa, vaa barakoa na glavu kabla hujawasha mashine: vumbi lile haliingii mapafuni kwa heri.