Upigaji Kura wa Kuridhia

Upigaji kura wa kuridhia ni mfumo wa uchaguzi unaomruhusu mpigakura kuweka alama ya vema kwa kila mgombea anayemridhia, awe mmoja, wawili au zaidi. Alama zote zina uzito sawa, na anayepata nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi. Katika uchaguzi wa kawaida wa kumchagua mtu mmoja, alama mbili huharibu kura. Hapa ni halali.

Unavyofanya kazi

Tuchukulie wapigakura 100: 40 wanamtaka A, 35 B, na 25 C. Kila mtu akichagua mmoja tu, A hushinda hata kama wale 60 hawamtaki kabisa. Kwa kuridhia, wafuasi wa C wakimwekea vema na B, B hufikisha 60. Hawakulazimika kumwacha mtu wao ili kumzuia A, na hiyo ndiyo faida kubwa ya mfumo huu: humwondolea mpigakura hofu ya kupoteza kura.

Unakotumika

Ugiriki ilitumia mfumo wa namna hii kuanzia 1864 hadi miaka ya 1920. Kila mgombea alikuwa na sanduku lake lenye upande wa ndiyo na wa hapana, na mpigakura alidondosha gololi ya risasi upande alioutaka. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani Steven Brams na Peter Fishburn waliuchambua kinadharia, na baadhi ya jumuiya za wanahisabati nchini humo zikaukubali.

Fargo, jimboni North Dakota, iliupitisha 2018 na kuutumia kuanzia 2020, lakini jimbo likaupiga marufuku 2025. St. Louis, Missouri, huutumia katika mchujo, na wawili wa juu huingia duru ya mwisho. Mchujo wa umeya wa Machi 2021 ulimpa Tishaura Jones asilimia 57 na Cara Spencer 46. Jumla ilizidi 100 kwa kuwa wengi waliridhia zaidi ya mmoja. Jones ndiye aliyeshinda Aprili.

Kasoro na ubora

Alama ya vema haitofautishi anayependwa sana na anayevumiliwa tu. Tena, kumridhia mgombea wa pili kunaweza kumwangusha wa kwanza, hivyo wengine huweka alama moja pekee. Hata hivyo, hesabu yake ni ya kujumlisha tu, na wakala yeyote kituoni anaweza kuifuatilia.