Ng'ambo ya Tunduma: Rock Yao, Jazz Yetu

Ukiwa Tunduma, Zambia haiko mbali. Ni kuvuka barabara tu. Wanyamwanga wako huku na huko, na mtu anaenda Nakonde kununua kitu na kurudi kabla chai haijapoa. Lakini sikiliza muziki uliopigwa pande hizi mbili miaka ya 1970, utadhani kati yake kuna bahari.

Ng'ambo kulikuwa na Zamrock. Vijana waliokulia kwenye miji ya shaba walimsikia Jimi Hendrix, wakachomeka magita kwenye umeme na kuyafanya yakwaruze. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige muziki wa nyumbani kwa asilimia 95. Haya, nao wakautengeneza wa nyumbani, ila kwa sauti yao. Mwaka 1975 WITCH, kundi la Emanuel "Jagari" Chanda, walitoa Lazy Bones!!, na Amanaz wakatoa Africa. Hizo ni albamu kamili, zenye jalada, upande A na upande B.

Huku kwetu mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, ukionekana ni uhuni wa kigeni. Kilichotamba ni jazz, na hapo usimfikirie Louis Armstrong. Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz: neno hilo lilimaanisha bendi ya dansi, yenye rumba iliyotoka Congo, magita yanayojibizana na mashairi ya Kiswahili. Nyingine zilikuwa chini ya taasisi. NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz jina lake linajieleza.

Bendi hizi zilirekodi Radio Tanzania. Wimbo uliingia kwenye utepe, ukarushwa nchi nzima, kisha utepe ukarudi kabatini. Aliyetaka santuri alitazama Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alirekodi sana huko, na ni Kenya alikofia kwa ajali ya gari Januari 1979.

Mwaka huohuo wa Lazy Bones!!, reli ya TAZARA ilikamilika: kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ikivuka mpaka hapahapa Tunduma. Nchi mbili zikaunganishwa kwa chuma, lakini namna zao za kutunza nyimbo zikabaki mbalimbali.

Tofauti hiyo ndiyo tunayoilipia leo. Santuri inauzwa, inasafiri, inasahaulika kwenye sanduku la mtu, halafu miaka 35 baadaye mkusanyaji anaiokota. Hivyo ndivyo Zamrock ilivyofufuka. Kampuni ya Marekani, Now-Again, ilizitoa upya albamu za WITCH. 2023 WITCH wakatoa Zango, albamu yao mpya baada ya takriban miaka 40. Na 2024 Tyler, The Creator akatumia kipande cha Ngozi Family kwenye wimbo wake. Utepe wa kabatini hauokotwi dukani. Unasubiri mwenye ufunguo.

Tusiwaonee wivu kupita kiasi lakini. Wengi wa wanamuziki wale walikufa mapema, Ukimwi ukichukua sehemu kubwa, na Jagari mwenyewe aliishia kuchimba mawe ya vito kabla dunia haijamkumbuka. Santuri iliokoa nyimbo, haikuokoa waimbaji.

Na za kwetu hazikufa zote. Wazee wa Vwawa na Mlowo bado wanaweza kukuimbia Mbaraka ubeti kwa ubeti bila kuangalia popote. Sisi wapenda vitabu tunaijua hali hii: ni ile ya hadithi isiyoandikwa, inayoishi maadamu yupo anayeisimulia. Kasoro yake ni kwamba wasimulizi wanaondoka, na kila msiba unaondoka na beti zake.

Kwa hiyo ukikuta kaseti ya zamani kwa babu, ile yenye maandishi ya kalamu yaliyofifia, usiitupe wala usirekodi juu yake. Muulize kwanza kuna nini humo, na yeye aliisikia wapi.