Kipa wa Manchester United Aliyeifundisha Harambee Stars

Jumamosi alasiri, Ligi Kuu ya Uingereza ikipamba moto, huwezi kupita Makina au Gatwekera kule Kibera bila kusikia mayowe kutoka vibanda vya video. Kawangware nako, kuanzia Kongo hadi Gatina, ni vivyo hivyo. Jezi nyekundu za Manchester United zinauzwa Soko la Toi na kando ya Barabara ya Naivasha, na wanaozivaa watakutajia makipa wa klabu hiyo bila kupepesa macho: Schmeichel, Van der Sar, De Gea. Ray Wood hatajwi. Ilhali Wood alifanya kazi hapa Nairobi, akiwa kocha wa timu yetu ya taifa, na Kenya inapaswa kumkumbuka kuliko hao wengine wote.

Raymond Wood alizaliwa mwaka 1931 Hebburn, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Alianzia Darlington, na Desemba 1949 Matt Busby akamsajili Manchester United. Alikuwa langoni katika kikosi cha vijana waliopewa jina la watoto wa Busby, wakatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1956 na 1957. Timu ya taifa ya Uingereza ilimchezesha mara tatu.

Mei 1957, United walikuwa Wembley kwa fainali ya Kombe la FA dhidi ya Aston Villa. Ubingwa wa ligi walikuwa nao tayari. Dakika ya sita, winga wa Villa, Peter McParland, alimvaa Wood kwa bega baada ya kipa huyo kuudaka mpira. Mfupa wa shavu ulivunjika. Siku hizo hapakuwa na wachezaji wa akiba, kwa hiyo beki Jackie Blanchflower alivaa glavu, na Wood, akiwa bado ana kizunguzungu, alirudishwa uwanjani akakimbia pembeni kama winga ili tu idadi isipungue. McParland alifunga mabao yote mawili ya Villa. Mechi iliisha 2-1. Leo kitendo kama kile kingemtoa mchezaji kwa kadi nyekundu. Wakati ule McParland aliendelea kucheza hadi kipenga cha mwisho.

Miezi michache baadaye Wood alipoteza nafasi yake. Desemba 1957 klabu ilimnunua Harry Gregg kutoka Doncaster kwa pauni 23,000, bei ambayo haikuwa imewahi kulipwa kwa kipa yeyote duniani. Tarehe 6 Februari 1958, United wakirudi kutoka Belgrade, ndege yao ilianguka Munich ilipojaribu kupaa mara ya tatu. Watu 23 walifariki, wanane kati yao wachezaji. Wood alinusurika. Kufikia mwisho wa mwaka huo alikuwa amehamia Huddersfield Town, chini ya Bill Shankly, na akadumu huko hadi mwaka 1965. Akamalizia Bradford City na Barnsley.

Wachezaji wengi wa kizazi chake walipostaafu walifungua baa au duka katika mji wao. Wood alifunga mizigo. Mwaka 1968 alikuwa akiifundisha Los Angeles Wolves ya Marekani, kisha akapitia Saiprasi, Ugiriki na Kuwait, na mwaka 1975 akawa Kenya.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa na uwanja mmoja mkubwa wa kandanda, ule wa Barabara ya Jogoo tunaouita City Stadium. Nyayo ulifunguliwa mwaka 1983 na Kasarani mwaka 1987. Makina ilikuwa ya Wanubi, wajukuu wa askari wa King's African Rifles waliopewa makao Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Pembeni yao kulikuwa kukijaa vijana kutoka magharibi mwa nchi waliokuja kutafuta vibarua, kila mmoja na timu yake moyoni. Waluo walikuwa na Luo Union, na Gor Mahia iliyoundwa mwaka 1968. Waluhya walikuwa na Abaluhya, iliyozaliwa mwaka 1964 kutokana na muungano wa timu ndogondogo za jamii hiyo, ambayo mwaka 1980 ilibadilishwa jina kuwa AFC Leopards serikali ilipokataza majina ya kikabila. Hadi leo Gatwekera ni ngome ya Gor, na Kawangware huwezi kukosa watu wa Ingwe, yaani Leopards. Asiyekuwa na nauli wala pesa ya tiketi alisikiliza Sauti ya Kenya, Leonard Mambo Mbotela akitangaza.

Timu ya taifa ilitegemea klabu hizo, na yeyote aliyepewa kuifundisha alipaswa kuwaketisha meza moja watu ambao Jumapili iliyotangulia walikuwa wakikabana vikali. Mwaka huo huo wa 1975 Kenya ilikwenda Zambia kwa Kombe la Chalenji la CECAFA. Mashindano hayo yalikuwa yamechukua nafasi ya Gossage, kombe la kampuni ya sabuni lililoanza mwaka 1926. Fainali dhidi ya Malawi iliisha bila bao, Kenya ikashinda kwa penalti. Lilikuwa kombe letu la kwanza tangu mashindano yapate jina hilo jipya.

Wood hakuwa Mwingereza pekee aliyepita njia hii. Len Julians, mshambuliaji aliyezaliwa Tottenham akachezea Leyton Orient, Arsenal, Nottingham Forest na Millwall, alikuja kuinoa Gor Mahia. Mwaka 1987 Jack Johnson aliiongoza Gor kutwaa Kombe la Mandela mbele ya Espérance ya Tunisia: 2-2 ugenini, 1-1 Kasarani, na mabao ya ugenini yakaamua. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara zima.

Kinachoniuma ni kwamba kila mmoja wao alipoondoka tulianza upya. Mara chache tulipompa mwenyeji muda wa kutosha, matunda yalionekana. Marshall Mulwa alichukua Harambee Stars mwaka 1980 akashinda Chalenji mara tatu mfululizo, 1981 Tanzania, 1982 Uganda na 1983 nyumbani, kipa wake akiwa Mahmoud Abbas wa Mombasa. Baada ya hapo tulikaa miaka 19 bila kombe hilo.

Nawaangalia sana makipa waliogeuka makocha, kwa sababu kipa huuona mchezo wote ukija mbele yake, na kosa la kila mwenzake humfikia yeye. James Siang'a alilinda lango la Kenya katika Kombe la Afrika mwaka 1972 huko Cameroon. Mwaka 2003, akiwa kocha wa Simba ya Dar es Salaam, aliwatoa Zamalek waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa penalti, mjini Cairo. Watanzania wanaiimba mechi ile mpaka leo. Huku kwao alikozaliwa ni wachache wanaojua kwamba ni Mkenya aliyeipanga.

Na Jacob "Ghost" Mulee, aliyewahi kuwa kipa vilevile, ndiye aliyelirudisha Kombe la Chalenji mwaka 2002 Kenya ilipoifunga Tanzania 3-2 huko kwao. Wood alikuwa amefariki Julai ya mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 71. Mulee aliipeleka timu Tunisia kwa Kombe la Afrika la 2004. Ndani ya kikosi kulikuwa na kijana wa Nairobi, Dennis Oliech, aliyeanza soka Dagoretti Santos kabla ya kujiunga na Mathare United. Februari 2, siku aliyotimiza miaka 19, alifunga bao moja kati ya matatu yaliyoizamisha Burkina Faso. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali hizo, miaka 32 tangu Siang'a asimame langoni Cameroon.